Jiwe Halikorogwi

Kama ulikuwa mtoto Tunduma katika miaka ile malori ya mpakani yalipokuwa bado yanahesabika, bila shaka unakumbuka tulivyokaa juu ya ukuta wa shule wakati wa mapumziko tukihesabu yale yaliyosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Aliyetaja idadi sahihi alipewa pingili ya muwa. Leo mtoto akianza mchezo huo, foleni itamfikisha hadi kijijini Mpemba akiwa bado anahesabu, na muwa wenyewe utakuwa umekauka.

Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tulicheza kombolela kati ya maghala ya mahindi, na sisi wasichana tulicheza mdako. Vijana wa sasa hawaujui mdako. Ukiwaambia kwamba tulichimba kashimo, tukajaza kokoto, tukarusha moja juu na kuzikomba nyingine kabla ile haijatua, wanauliza unachezwa kwenye simu ya aina gani. Mimi nilikuwa na kokoto zangu kumi na mbili, nimezichagua moja moja kando ya reli, na nilizijua hata nikifumba macho. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi kwa viazi vya kuchemsha. Mchana ilikuwa kande. Redio ya jirani ilisoma habari kwa Kibemba kutoka ng'ambo, redio yetu ikasoma kwa Kiswahili, na mtu aliyesimama katikati ya uchochoro alipata habari za nchi mbili kwa pamoja bila kuelewa hata moja.

Katika maisha hayo bibi yangu, mzaa mama, alihamia kwetu kutoka Igamba baada ya babu kufariki. Alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na kapu la nguo, kuku wawili, na jiwe.

Mama alipoliona jiwe alicheka. "Mama, hapa Tunduma mashine za kusaga ziko tatu. Jiwe la nini?"

"Mashine ni ya mwenye mashine," Bibi akajibu, akaliingiza jiwe ndani, akalisukumia chini ya kitanda chake.

Lilikuwa jiwe la kusagia, lile la juu, linaloshikwa kwa mikono miwili. Urefu wake ni shibiri moja na nusu, mgongo wake umeviringa kama mkate, na tumbo lake limelainika hadi linang'aa. Bibi aliliita mtoto. Jiwe la chini, ambalo nafaka huwekwa juu yake, aliliita mama. Nilipomuuliza mama yuko wapi, alinieleza kwamba mama alibaki Igamba, kwa sababu habebeki. Lilikuwa jiwe kubwa kama kitanda, limelala kwenye shamba la wazazi wake, lina mfereji mgongoni uliochimbwa na mikono ya wanawake waliosaga hapo tangu kabla ya bibi yake yeye. Alipoolewa, mama yake mzazi alimpa mtoto akamwambia, "Ukitaka kusaga, utarudi nyumbani." Kwa hiyo alirudi kila wiki kusaga, na kumwona mama yake, mpaka mama yake akafariki, kaka yake akahamia bondeni Momba na mifugo, na shamba likawa la watu wengine.

Kila mwaka mvua za kwanza zilipokaribia, Bibi alimtoa mtoto nje, akaketi, akaligonga tumbo lake kwa kijiwe cheupe kigumu: tak, tak, tak. Huko kugonga aliita kulitia meno. Jiwe lililolainika halisagi, linateleza tu, kwa hiyo lazima lirudishiwe meno. Mama alisema ni kazi bure, maana hakuna kilichosagwa. Bibi aligonga mpaka akaridhika, akalirudisha chini ya kitanda.

Nilikuwa darasa la nne gari la matangazo lilipopita likisema kwamba wachongaji kutoka mataifa saba wanakuja Tunduma. Watakaa wiki sita kwenye kiwanja cha jirani na stesheni ya reli, watachonga mawe, na kila jiwe litabaki kuwa mali ya mji. Jirani yetu, fundi baiskeli, alisimamisha kazi akasikiliza hadi mwisho. "Wachonge nini?" akauliza. "Hapa kuchonga tunajua wenyewe." Wakati ule vijana walisema mtu anachonga akiwa anapiga domo, na kwa kuchonga kwa aina hiyo Tunduma haikuhitaji msaada kutoka nje.

Wazee wa makanisa walilichukua jambo kwa uzito zaidi. Walikumbushana amri inayokataza sanamu za kuchonga, wakaenda kuonana na watu wa ofisi ya mji. Makubaliano yalitangazwa Jumapili na Mzee Lameki, mzee wa kanisa letu, mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza jengo bila kipaza sauti. Mawe yachongwe, alisema, lakini yasiwekewe macho. "Jiwe lisilo na macho ni jiwe. Likishakuwa na macho, hiyo ni sanamu." Tulilikariri hilo hata shuleni.

Kisha mawe yakaja. Meupe yalitoka upande wa Nanyala, mengine meusi yalitoka ng'ambo, na machache ya rangi ya majivu yaliokotwa kwenye mashamba ambayo wenyewe walifurahi kuondolewa kizuizi cha jembe. Yalishushwa na gari lile lenye winchi linalovuta malori mabovu. Nao wachongaji wakaja. Walikuwa wanane. Ninaowakumbuka vizuri ni wawili.

Mmoja alitoka Zambia, mtu mnene mwenye kicheko, aliyejua Kibemba, Kiingereza na Kiswahili cha sokoni. Tulimwita Ba Chanda, hiyo "Ba" ikiwa heshima ya kwao. Wa pili alikuwa mwanamke mfupi kutoka Japani, ingawa sisi wote tulimwita Mchina, kwa sababu ya Wachina waliojenga reli. Bibi alipoambiwa kuna Mchina kiwanjani alisema, "Amekuja kuangalia reli yao kama bado ipo." Jina lake hasa lilikuwa Mieko. Watoto wa Tunduma walilisikia mara moja wakalirekebisha: akawa Madamu Mwiko. Aliitika bila kinyongo. Nadhani hakuna aliyemweleza kwamba tumempa jina la kijiti cha kusongea ugali.

Sasa niseme nilichokiona pale, nami nitajitahidi nisiongeze chumvi. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akilitazama jiwe siku tatu bila kuligusa. Madamu Mwiko alipewa jiwe moja la rangi ya majivu, kubwa kuliko yote, limelala ubavu. Alilizunguka. Alilizunguka asubuhi likiwa na kivuli upande mmoja, akalizunguka jioni kivuli kikiwa upande wa pili. Siku ya nne alilipapasa kwa kiganja kama daktari anayetafuta panapouma, akaligonga kwa kijinyundo, akaweka sikio. Sisi watoto karibu arobaini nyuma ya kamba tulinyamaza kama tulioamriwa. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye hakufanikiwa kutunyamazisha hata kwa fimbo, alikuja kuona mbinu hiyo ni ipi.

Na jiwe jeupe la Nanyala, ambalo miaka yote nililiona kando ya barabara nikadhani ni jeupe tu, lilipofunguliwa lilikuwa na mishipa ya kijani na kijivu iliyopita ndani yake kama mishipa ya mkono wa mzee. Nilisimama nikiwa na kipande chake kiganjani. Niliwaza kwamba vitu vyote ninavyovipita kila siku huenda navyo vina ndani.

Ba Chanda ndiye aliyetufundisha kupasua jiwe. Alitoboa matundu kwenye mstari mmoja, akapachika kabari za chuma, moja kila tundu. Kisha akazigonga kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kulia kwenda kushoto, pole pole, wala si kwa nguvu. Kila mzunguko, mlio ulipanda kidogo. Halafu akaweka nyundo chini. "Sasa tungojee," akasema. "Jiwe likishaambiwa, linafikiri. Linaweza kufikiri dakika moja, linaweza kufikiri mpaka kesho." Tukangoja. Hakuna aliyeligusa. Tukasikia sauti kama kanga mpya inapochanwa, na jiwe lile, lenye uzito ambao winchi ililalamika kuunyanyua, likafunguka lenyewe pande mbili. Mama yangu, aliyekuwa akiwauzia wachongaji chai na viazi, alishika mdomo kwa mkono. Nami hadi leo, nikiona mtu ana haraka ya jambo, husikia ile sauti.

Mtoto akiona kazi ya namna ile hawezi kukaa bure. Tulifungua karakana yetu nyuma ya ghala, mimi, rafiki yangu Oliva na wengine. Tulikuwa na nyundo moja na misumari ya inchi sita. Shida ilikuwa mawe. Tuliyokuwa nayo yalimeguka au hayakuchongeka. Siku moja Oliva akasema, "Tumaini, si kwenu kuna jiwe zuri?"

Nilijua ni jiwe gani. Bibi alikuwa amelala mchana. Nilimtoa mtoto chini ya kitanda, nikaketi nyuma ya ghala, nikalitia macho kwenye mgongo. Mawili, moja kubwa kuliko jingine. Nilipoanza mdomo, msumari ukapinda, na hapo ndipo akili yangu ikarudi. Kwanza nilikuwa nimeliharibu jiwe la Bibi. Pili, katika kiwanja kizima hapakuwa na jiwe hata moja lenye macho, na lenye macho nililifanya mimi. Nikalirudisha chini ya kitanda, macho yakitazama sakafu. Ilikuwa Juni, na baridi ya Tunduma ya Juni mnaijua. Mvua zingekaribia Novemba, Bibi atoe jiwe kulitia meno. Nilihesabu kwa vidole: nilikuwa na miezi mitano ya kuishi.

Haikufika wiki.

Bibi alikuwa hapendi mikusanyiko, lakini siku hiyo alimfuata mama kiwanjani kumwona Mchina. Asubuhi hiyo hiyo lile gari la winchi lilikuwa limekuja kuligeuza jiwe la Madamu Mwiko, ili upande uliokuwa ubavuni ukae juu. Mstari wa chaki ulizunguka jiwe karibu na ukingo wa juu. Matundu tisa yalikuwa yameshatobolewa, kabari tisa zimeshapachikwa, na Madamu Mwiko alikuwa anagonga mzunguko wa pili. Sehemu ya juu ingeondoka yote.

Nilimwona Bibi akisimama. Akasogea. Akapita chini ya kamba, yeye aliyelalamika kila siku kwamba mgongo haupindi, akaenda moja kwa moja, akaweka mkono juu ya jiwe mbele ya nyundo.

Msimamizi kutoka ofisi ya mji alikuja mbio, faili kwapani. "Bibi, toka hapo! Kuna hatari!"

"Hatari ni ninyi," Bibi akasema. "Hili jiwe mmelitoa wapi?"

"Igamba. Shambani kwa mtu, kalitoa kwa hiari yake."

"Katoa cha nani? Hili ni la mama yangu."

Watu wakacheka. Msimamizi naye akatabasamu, akashusha sauti kama anayeongea na mgonjwa. "Bibi yangu, mawe yote yanafanana."

"Hata watoto wote wanafanana, kwa asiyewazaa."

Kicheko kikamgeukia msimamizi. Ba Chanda, aliyekuwa akimtafsiria Madamu Mwiko, aliacha kucheka. Alitazama mgongo wa jiwe, kwenye ule mfereji mrefu, mlaini, ambao wote tulidhani ni maji ya mvua yameuchimba. "Ba mayo," akamwita Bibi, yaani mama kwa heshima ya kwao, "una hakika? Maana hili limeshagongwa mara mbili. Tukiendelea linafunguka. Tukiacha, nalo linaweza kufunguka."

"Jamani, tuna ratiba," akasema msimamizi. "Ushahidi uko wapi?"

Bibi alinitafuta kwa macho katikati ya watoto. "Tumaini. Kamlete mtoto."

"Mtoto gani tena?" msimamizi akauliza.

Nilishaondoka. Kutoka kiwanjani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika saba kwa mtoto anayekimbia. Nililitoa jiwe chini ya kitanda nikalifunga kwenye kanga, macho yakinitazama kifuani, zito kama mtoto wa miezi mitatu. Njiani, kwenye mtaro mkubwa wa maji machafu, nikasimama. Ningeweza kulitupa pale. Ningerudi na kusema limeibiwa, na wakati ule wezi walikuwepo wa kutosha kubeba lawama. Ninaandika haya kwa sababu ukweli ni kwamba nilisimama, na nilisimama muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikasikia nyundo kutoka kiwanjani. Haikuwa ya Madamu Mwiko, ilikuwa ya mchongaji mwingine upande wa pili, lakini mimi sikulijua hilo. Nilidhani wameanza tena. Nikakimbia.

Bibi alifungua kanga mbele ya watu wote. Jiwe likamtazama kwa macho yake mawili, moja kubwa, moja dogo.

Mzee Lameki, aliyekuja kukagua makubaliano ya macho kama alivyofanya kila siku mbili, alisogea karibu.

"Nani kalitia macho?" Bibi akauliza, bila kupaza sauti.

"Ni mimi, Bibi."

Alilitazama. Akapitisha kidole gumba kwenye jicho kubwa, kisha kwenye dogo, kisha kwenye ule mdomo usiokwisha. Nilingoja kofi. "Haya," akasema. "Litamwona mama yake."

Akaligeuza, tumbo chini, akaliweka kwenye mfereji.

Sijui niliandikeje hili. Nimesoma hadi darasa la saba, mengine nimejisomea, na miaka mingi baadaye nilipata kitabu cha mitumba kinachoeleza mawe, nikajifunza kwamba mawe mawili yakisagana kwa muda mrefu kila moja huchukua umbo la mwenzake, ndiyo maana mtoto wa mama mmoja hakai kwa mama mwingine. Hayo ni maelezo, na ni sahihi. Lakini siku ile hatukuwa na maelezo. Tuliona jiwe lililosafiri kwa lori la mahindi likikutana na jiwe lililosafiri kwa gari la winchi, na hapakubaki nafasi kati yao hata ya kuingiza ukucha. Lilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Bibi akapiga magoti, akalisukuma mara moja kwenda mbele. Likatoa sauti, nzito, ya chini, ambayo niliisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni. Msimamizi alivua kofia yake. Hakuna aliyemwambia.

Madamu Mwiko alikuwa ameshalaza nyundo chini. Alipiga magoti kando ya Bibi, akaomba kwa ishara, Bibi akampisha. Akashika mtoto kwa mikono miwili, akaanza kumzungusha, duara, duara.

"Hapana!" Bibi akamshika mkono. "Jiwe halikorogwi! Jiwe linasukumwa."

"Si ndiyo Mwiko!" mtu akapiga kelele nyuma ya kamba. "Mwacheni akoroge, ndiyo kazi yake!" Tukacheka hadi machozi, na ninaamini tulicheka pia kwa kuwa tulikuwa tumeogopa.

Ba Chanda akatafsiri maneno ya Madamu Mwiko: kwao jiwe la bibi yake lilikuwa la mviringo, lina mpini, nalo huzungushwa. Bibi alilifikiria hilo kwa makini. "Basi kwao ulezi wanauzungusha mpaka ukubali," akasema. "Mwambie hapa tunausukuma." Akaweka mikono yake juu ya mikono ya yule mwanamke, wakasukuma pamoja.

Kisha zikabaki kabari. Ba Chanda alituomba tusikanyage kwa nguvu. Madamu Mwiko alizitoa moja moja, kwa mpangilio wake mwenyewe, ya katikati kwanza, halafu ya pembeni, na baada ya kila moja aliweka sikio kwenye jiwe. Bibi alikaa kando, mtoto mapajani, akimtazama kama ndugu anavyomtazama mganga. Kabari ya tisa ilipotoka tulingoja. Tulingoja mpaka chai ya mama ikapoa kwenye vikombe vya watu. Jiwe lilifikiri, na halikufunguka.

Wiki zilizobaki Bibi alikwenda kiwanjani kila siku, mtoto mgongoni ndani ya kanga. Alimfundisha Madamu Mwiko kulitia jiwe meno kwa kijiwe cheupe, na yule mwanamke mwenye sanduku la tindo za kila ukubwa aliziacha zikae, akagonga kwa kijiwe cha Igamba. Hawakuwa na lugha moja. Bibi aliongea Kinyiha, mwenzake aliongea cha kwao, na walielewana kuliko baadhi ya wanandoa ninaowafahamu. Kitu pekee ambacho Madamu Mwiko alikichonga kwenye jiwe lile ni vishimo viwili chini, upande wa msagaji. Msimamizi alihesabu siku, akahesabu vishimo, akauliza kwa upole kama kazi ndiyo hiyo tu. Vilikuwa mahali pa magoti.

Hapo ndipo Mzee Lameki alipoleta tatizo lake la mwisho. Alifika akamkuta Bibi amepiga magoti mbele ya jiwe, kichwa kimeinama.

"Mama! Unaipigia magoti sanamu?"

Bibi hakugeuka. "Nasaga ulezi, Mzee. Ule uji uliokukuza, aliyeusaga alikuwa amesimama?"

Siku ya kukabidhi mawe kwa mji, Bibi alisaga ulezi mbele ya watu, mama akapika, na Mzee Lameki alikunywa vikombe viwili vya uji. Kuhusu macho, alituambia baadaye kwamba mtoto hakuwa sehemu ya sanamu, kwa hiyo makubaliano hayakuvunjwa. Na kweli, watu wa ofisi walipomwomba Bibi amwache mtoto abaki na mama yake, alikataa. "Mama atakaa mjini," alisema. "Mtoto analala nyumbani."

Madamu Mwiko aliondoka kwa treni. Bibi alimpa kile kijiwe cheupe, naye akamwachia Bibi tindo moja ndogo ambayo mama aliitumia kufungulia makopo mpaka ilipopotea.

Bibi alipofariki alizikwa Igamba, kama alivyotaka, na jiwe mtoto aliniachia mimi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi.

Mawe mengine ya kiwanja kile yalitawanyika. Mawili yalihamishwa barabara ilipopanuliwa, na moja, lile jeupe lenye mishipa ambalo Ba Chanda alilichonga likawa kama maji yanayosimama wima, liko nyuma ya ofisi fulani, watu huanikia matambara juu yake. Jiwe mama lipo bado, pale mji ulipoliweka kwenye njia panda ya kwenda Sumbawanga, katikati ya kijiwe cha bodaboda. Siku hizi tunaitwa Mkoa wa Songwe, na mji umekua kiasi kwamba mimi mwenyewe hupotea. Vijana hulikalia jiwe lile wakingoja abiria. Kwenye matundu tisa ya kabari huchomeka vijiti vya mishikaki wakishamaliza kula, na mvua ikinyesha mfereji hujaa maji wanayonawia mikono. Siwalaumu. Sisi tulipewa wiki sita za kuona jiwe likisikilizwa, wao wamepewa simu inayojibu kabla hujamaliza kuuliza. Mtu asiyefundishwa kungoja ataionaje kazi ya wanawake ambao mikono yao ilihitaji vizazi kuchimba shibiri chache za mfereji?

Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, mimi huenda pale asubuhi na mtoto ndani ya kanga. Hufagia mfereji, huchomoa vijiti, hupima kwa ukucha kama mtoto bado anakaa sawasawa kwa mama. Mwaka jana kijana mmoja wa bodaboda, kofia kichwani, alisogea akiwa bado anatafuna.

"Shikamoo, mama. Hilo dude ni nini?"

"Marahaba. Ni mtoto."

Akaligeuza. "Mbona lina macho? Tena hayalingani!"

"Lilitaka kumwona mama yake."

Wenzake wakaangua kicheko. "Oya, mama kakupata!" Yeye hakucheka. Alitazama mfereji aliokuwa ameukalia miaka yote, akatazama tumbo la jiwe, akaangalia na vile vishimo viwili chini. Akavua kofia, akaiweka kwenye pikipiki. Akapiga magoti, na magoti yake, yenye suruali iliyochanika kwa makusudi kama wanavyopenda, yakaingia kwenye vishimo bila kuelekezwa. Nikamiminia konzi ya ulezi niliyokuja nayo. Akashika mtoto kwa mikono miwili, akaanza kuzungusha, duara, duara, kama anayesugua sufuria.

Nilijisikia nikisema kabla sijakusudia, na sauti haikuwa yangu: "Jiwe halikorogwi, mwanangu. Linasukumwa."

Akasukuma. Ile sauti ikatoka, ya chini, nzito, ikapita kwenye lami hadi nyayoni mwangu. Kwenye kijiwe mmoja alizima muziki wa simu yake, na mwingine akazima pikipiki, wakawa wanasikiliza.